Fundi wa Chanjo Inayovuja

Mume wangu ni fundi bomba, na kama kuna jambo moja la kumsifia, mengine tuyaache, ni kwamba hasemi "tayari" mpaka iwe tayari. Mafundi wengine wakishakaza nati wanafuta mikono kwenye suruali na kuaga. Wangu anakunja kipande cha gazeti, anakiweka chini ya maungio, anakalia kisanduku chake cha spana, anasubiri. Gazeti likilowa hata ncha, anafungua upya. Likibaki kavu analipitisha shavuni, ndipo anasema, "Tayari." Kuna watu wamemfukuza bomba likiwa zima kabisa, eti anawamalizia siku. Lakini neno lile likishamtoka, mtaa mzima hakuna anayeinama kuhakikisha.

Msidhani nampamba. Bomba la bafuni kwetu linavuja tangu tuoane. Nimesema, nimenuna, nimemwita mama yake mzazi aje asikie lile tone kwa masikio yake. Jibu la Fundi ni lile lile: "Nalijua hilo, nitalifikia." Chini yake nimeweka ndoo ya bluu, ikijaa namwagia bustani, na maisha yanakwenda.

Kazi yangu mimi ni kuku. Kuku wa kienyeji, wanaojua kujitafutia, na kila mmoja ana jina lake. Kuna Mama Mkwe, anayekula kabla ya wote na kudonoa atakayelalamika. Kuna Karani, anapita anakagua kila kona ya ua na hatagi kitu. Jogoo ni Mwenyekiti, anaongea sana. Ng'ambo ya ukuta kuna banda refu la Jirani, kuku weupe watupu, wote wamechanjwa kwa utaratibu, na Jirani mwenyewe akikusalimia utadhani anakugawia mayai. Zamu ya upande wetu kuchanjiwa ilikuwa inakuja. Nilikuwa nangoja kwa hamu kuliko nilivyoonyesha, maana Mama Mkwe alikuwa ameanza kuatamia, na chanjo ile anapewa kifaranga siku anayoanguliwa. Akikosa siku hiyo, amekosa.

Basi asubuhi moja gari la serikali likasimama mlangoni. Akashuka kijana wa shati lililopigwa pasi, akauliza, "Hapa ndipo kwa fundi anayeziba vitu vinavyovuja?"

"Ndipo," nikamwambia. "Ukitoa bomba la bafuni."

"Anahitajika idara ya chanjo za mifugo. Kuna chanjo inavuja."

Fundi akabeba kisanduku chake akaenda. Akarudi jioni na mikono safi. Nikashtuka, maana fundi bomba akirudi na mikono safi, ama amefukuzwa ama ana jambo.

Kumbe ndiyo hadithi yenyewe. Katika idara ile kuna msichana mmoja, msomi hasa, wanamwita Binti Hesabu. Yeye hagusi kuku wala sindano. Kazi yake ni kupiga hesabu ya namna vijidudu vya magonjwa vinavyobadilika pale sisi tunapochanja mifugo yetu. Alikuwa ameandika ripoti nene. Mkuu wa idara, ambaye ripoti anaisoma mstari wa kwanza na wa mwisho ili ile ya katikati isimchanganye, alikuta mstari wa kwanza unasema: chanjo tunayotumia inavuja. Safari hii hakufika wa mwisho. Akaamuru chumba cha majokofu kifungwe, chupa isitoke hata moja, mpaka apatikane fundi aseme imezibwa.

"Hatuwezi kuwagawia wananchi kitu kinachovuja," Mkuu alisema. "Tutaonekanaje?"

Fundi akatazama chini ya majokofu, pakavu. Akapindua chupa moja juu ya gazeti, akasubiri kama kawaida yake, gazeti kavu. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme neno lake, Binti Hesabu akanyoosha mkono kule nyuma akasema kwa adabu, "Samahani, bado inavuja." Fundi akafunga mdomo. Mtu akimwambia kitu bado kinavuja, yeye hali chakula mpaka apaone.

Binti akampeleka kwenye ubao wake mweupe. Na hapo, mume wangu anasema, alijisikia yuko nyumbani, kwa sababu ubao ulikuwa na visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Kisanduku cha kuku wazima, cha waliochanjwa, cha wanaoambukiza, cha waliokufa. Yeye akaona matangi manne na mabomba yake. Akauliza zile herufi pembeni ya mishale ni za nini, akaambiwa ni kasi ya ugonjwa kutoka hapa kwenda pale.

"Yaani presha," akasema.

"Sawa, tuite presha," akasema Binti, na inasemekana alitabasamu, jambo ambalo katika ofisi ile halikuwa la kawaida yake. Kisha akamwonyesha mshale mwembamba unaotoka kwa waliochanjwa kwenda kwa wanaoambukiza. "Hapa ndipo panapovuja."

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yao. Akafurahi mno. "Umepaona, Fundi? Basi paziba."

Fundi akaeleza kwamba ule ni wino. Mkuu akasema wino au si wino, penye uvujaji paonekane pamezibwa. Ikaletwa gundi ya karatasi, wakabandika juu ya mshale, wakapiga picha. Fundi akakataa kusema tayari. Mkuu akafuta mshale kwa dasta. Binti akauchora upya, akiomba radhi, kwamba ugonjwa wenyewe haujafutika. Wakaendelea hivyo, huyu anafuta, huyu anachora, na kwa kuwa faili haliwezi kufungwa jambo halijaisha, mume wangu akapewa meza, kiti cha magurudumu na cheo: Kaimu Msimamizi wa Uvujaji. Kaimu wa nani, hakuna aliyejua, maana msimamizi mwenyewe hajawahi kuwapo.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwanaume na spana zake, anakwenda kazini kuangalia mshale. Nikawa namwita Kaimu hata mbele za watu.

Kicheko kiliniisha siku Karani alipoanguka. Nilimkuta uani amelala ubavu, mguu mmoja ameunyoosha mbele, mwingine nyuma, macho yananiangalia. Hakuwa na jeraha. Nikamnywesha maji, nikamweka kivulini, akafa kabla sijamaliza kufua. Akafuata jogoo, Mwenyekiti, bila hata hotuba. Ng'ambo ya ukuta kuku weupe wa Jirani walikuwa wanakula na kupiga soga, hakuna hata mmoja aliyechechemea.

"Wako hawakuchanjwa, mama," Jirani akaniambia juu ya ukuta, kwa huruma, na huruma yake ikaniudhi kuliko kama angenicheka. Nikamhamishia Mama Mkwe bafuni pamoja na mayai yake, nikamweka pembeni ya ndoo ya bluu, nikafunga mlango. Kisha nikajifunga kitambaa kichwani nikaenda idarani mwenyewe. Mayai yale yalikuwa karibu kuanguliwa, na nilichotaka ni chupa moja tu.

Ofisi yao ni ndefu, ina harufu ya karatasi na chai iliyopoa. Mkuu akanipokea kama mgeni wa heshima. Akanivuta mpaka ubaoni kabla sijafungua kinywa. "Hapa, mama, ndipo chanjo inapovuja," akasema, kidole juu ya mshale. Mume wangu alikuwa nyuma ya meza yake, beji shingoni, ananiangalia kama mtoto aliyekutwa jikoni.

"Mimi kuku wangu wanakufa," nikasema. "Nimekuja kwa chanjo, sikuja kwa picha."

Binti Hesabu akanisogezea kiti. "Shikamoo mama. Wanalala mguu mmoja mbele, mmoja nyuma?"

"Umewaona wapi?"

"Sijawaona. Wamo humu," akasema, akagusa kisanduku cha wazima ambao hawakuchanjwa. Sauti yake haikuwa na maringo. Akaniambia taratibu. Kwamba chanjo ile inamwokoa kuku asife, lakini haikizuii kijidudu kuingia mwilini mwake, kukaa, na kutoka kwenda kwa mwingine. Huko ndiko kuvuja. Kwamba zamani kijidudu kikali kupita kiasi kilikuwa kinajiponza, kinamuua kuku upesi, kinafukiwa naye, hakifiki kwa jirani. Sasa kimempata mwenyeji asiyekufa. Kinatembea naye, kinakula naye, kinasambaa na vumbi la manyoya, na vile vikali ndivyo vinavyozaliana. Kuku aliyechanjwa hana habari. Asiyechanjwa akivuta vumbi lile, basi.

"Kwenye hesabu zangu nimeviacha vijidudu vichague ukali wao vyenyewe," akasema. "Kila nikirudia, vinapanda."

"Vinachaguaje? Vina akili?"

"Havina. Vilivyokosea vinapotea, vilivyopatia vinabaki. Ukivitazama kwa mbali utadhani vimekaa kikao."

"Kwa hiyo unasema watu wasichanje?" Nilishaanza kupandisha hasira. "Chanjo ndiyo inaniulia kuku?"

"Hapana mama, hapana kabisa." Akasimama. "Bila chanjo hata wale wa jirani yako wangekwisha. Mstari wangu wa mwisho unasema tuchanje wote, asibaki hata mmoja, na tusafishe mabanda ili hicho kinachovuja kisifike mbali. Waliofungiwa nje ndio wanaoumia. Hakuna aliyefika mstari wa mwisho."

Nikamgeukia Mkuu. Akakohoa. Akasema yeye hana roho mbaya, majokofu yatafunguliwa sasa hivi, hata kabla sijatoka kwenye kiti, mradi tu Fundi atamke. Neno moja. Aseme tayari.

Wote tukamwangalia. Mimi nilimwangalia kwa jicho ambalo mume yeyote mwenye akili analijua. Fundi akatazama ubao, akatazama mshale, jasho likamtoka puani.

"Haijawa tayari," akasema.

Nikasimama nikaondoka, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, watu wananipisha. Nilioa, sijui niseme niliolewa, na mtu ambaye angeacha nyumba iungue kuliko kusema moto umezimika. Nilipofika nikakuta wengine wawili wamelala, miguu ile ile. Nikakaa chini uani nikalia, na sikulia kwa ajili ya kuku tu.

Asubuhi yake aliingia bafuni kuoga. Mama Mkwe akamdonoa kifundo cha mguu, nikasikia anaguna. Nikaenda nikasimama mlangoni.

"Hilo bomba linavuja?" nikamuuliza.

"Mke wangu, si sasa."

"Nauliza. Linavuja?"

"Linavuja."

"Tangu lini?"

"Wewe unajua tangu lini."

"Umewahi kunifungia maji?"

Akageuka, sabuni masikioni. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Tungeishije bila maji?"

"Na chini yake kuna nini?"

"Ndoo."

"Basi nenda kamwambie bosi wako hivyo hivyo."

Alibaki anaangalia ile ndoo ya bluu muda mrefu, tone linaanguka, kuku anamnunia. Akatoka bila kujisuuza vizuri. Akaenda idarani na povu nyuma ya shingo, akasimama mbele ya Mkuu akasema, kwa jinsi nilivyohadithiwa, kwamba kitu kinachovuja na watu wanakihitaji hakifungwi, kinawekewa ndoo.

Mkuu alijawa na furaha. Ndoo aliielewa. Tangu ripoti ile imfikie, hilo lilikuwa neno la kwanza lenye mkono wa kushikia. Akatoa agizo papo hapo: majokofu yafunguliwe, ila kila chupa itakayotoka ifuatane na ndoo yenye muhuri wa idara, isimame mahali pa kuchanjia, na pasipo ndoo nzima yenye maji, sindano isichomwe. Alichofikiri ni kwamba ndoo itakinga matone. Matone ya nini, hakuuliza na hakuulizwa. Binti Hesabu akasema kwa haraka kwamba ni wazo zuri sana, na kwamba maji yale yatiwe dawa ya kuua vijidudu, na ndoo ikae mlangoni, kila anayeingia bandani achovye miguu na kunawa mikono. Mkuu akasema bila shaka, ndivyo alivyomaanisha. Binti akarudi ubaoni, akaandika "ndoo" juu ya mshale wake, akapiga hesabu upya, akauchora tena. Fundi anasema mshale ulipungua unene mbele ya macho yake, na yeye akausogelea akaugusa, ukawa mkavu.

Mama Mkwe akaangua siku ile ile gari lilipokuja. Uani sikuwa na kuku tena. Nilikuwa nimebaki na yeye na vile vifaranga vilivyokuwa vinalia chini ya bomba, basi. Gari likashusha mchoma sindano na kisanduku chake cha barafu, Binti Hesabu, Mkuu mwenyewe na kamera, maana sisi tulikuwa wa kwanza tangu tatizo lishughulikiwe, na mume wangu na ndoo. Ndoo nyeupe, mpya, muhuri ubavuni.

Mchoma sindano akachanganya chanjo. Akatuambia ikishachanganywa haingoji, ikipata joto imekufa. Fundi akaweka ndoo mlangoni, akatia maji na dawa. Nikaona maji yanatoka chini. Mstari mwembamba, unatafuta njia kwenye saruji.

Ndoo ya serikali ilikuwa inavuja.

Nikasema tuchukue ya bluu. Mkuu akasikitika, akasema ya bluu haina muhuri. Kwa bahati hakuinama, alikuwa anajiweka sawa kwa picha. Fundi akainua ndoo, akaipindua kichakani, akakuta ufa kwenye kitako, akatoa gundi yake na kiraka, akabandika, akabonyeza kwa kidole gumba. Akatia maji upya. Kisha, Mungu wangu, nikamwona anatoa gazeti mfukoni. Akalikunja. Akaliweka chini ya ndoo. Akakalia kisanduku cha spana.

"Baba," nikamwambia kwa sauti ya chini, na neno hilo simwiti nikiwa mzima. "Chanjo inapata joto."

Mchoma sindano alikuwa ameinua chupa juani anaitazama. Ndani vifaranga vinaita. Ng'ambo ya ukuta vumbi la kuku weupe lilikuwa linaelea kwenye mwanga, jepesi, zuri hata.

"Kaimu," akaita Mkuu, "ndoo vipi?"

Fundi akavuta gazeti. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, nikaliona. Ncha ilikuwa imelowa. Akaliangalia, akaniangalia mimi, tena akanitazama vizuri, kama alivyonitazama siku ile alipokuja kwetu kurekebisha tangi la baba yangu na kusahau kuondoka. Akalikunja gazeti, upande mkavu juu, akalipitisha shavuni.

"Tayari," akasema.

Hakuna aliyeinama. Mchoma sindano akachovya miguu akaingia, Mkuu akachovya viatu vyake vya ngozi kwa ujasiri, kamera ikalia. Binti Hesabu alikuwa ameshaliona doa linalotambaa. Yule ambaye kwa ukweli angembishia hata mama yake mzazi, akageuza uso akawa anahesabu mawingu. Mimi nikasogea hatua moja, nikasimama juu ya lile doa, gauni likalifunika, na pale nikabaki nikitabasamu kama mwenye shughuli mpaka kifaranga wa mwisho alipochomwa. Maji yalikuwa yamenifika vidoleni.

Wageni walipoondoka alikaa pale pale mpaka akaiziba ile ndoo sawasawa, gazeti likatoka kavu kabisa, lakini neno lake hakulirudia. Alikwishalisema. Ndoo iko mlangoni hadi leo, na vifaranga wale sasa ni kuku, wanataga, mmoja wao amerithi kazi ya Karani. Bomba la bafuni bado linatoa tone lake. Tangu siku ile sijamtajia.